Jimbo Letu Limekatwa, Baba

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili chako cha kambi ya jeshi, kile ulichotuingizia kwa amri: simama, kaa, kula, nyamaza. Kiingereza changu kiliishia darasa la sita, wajua. Mgongo unauma lakini bado unabeba. Tumemaliza hosteli ya wanafunzi hapa Wandegeya, Kampala, ghorofa nne, sasa tunajenga ukuta wa kuizunguka. Matofali mengi ya hizo ghorofa yamepanda juu ya bega langu.

Sikuwa na nia ya kuandika. Amenichokoza binti mmoja anayekaa chumba cha chini cha hosteli hiyo, Mkenya, jina lake Mwende. Mwalimu wao chuoni amemgawia kila mwanafunzi jimbo moja la uchaguzi la Uganda, aandike historia yake: nani alishinda, nani alishindwa, na kwa nini. Yeye amepewa jimbo letu. Jimbo letu, Baba! Hajawahi hata kuvuka daraja la Pakwach kuingia kwetu. Akanisikia nikiwatania wenzangu kuhusu kwetu, akanifuata na daftari nikiwa nakula posho, ugali wa hapa.

"Mzee, kumbe wewe ni wa huko? Nisaidie, kitabu changu kina majina tu."

Nikamwambia mimi si mzee, hizi mvi ni saruji. Akacheka, akakaa juu ya matofali kama mtu wa kazi.

Majina ndiyo sina. Mimi nina alama, kwa sababu wewe ulitufundisha chaguzi kwa alama. Wengi kijijini hawakusoma, na karatasi ya kura ilikuwa na picha mbele ya kila mgombea. Jioni, ukisokota tumbaku mlangoni, ulikuwa unazipanga kama mtu anayetaja ukoo. Kwanza Taa, mwalimu, aliyetuchimbia kisima akashinda mara mbili. Kisha Kiti, aliyemwangusha Taa kwa sababu Taa alihamia Kampala akasahau njia ya kurudi. "Tulimpa kiti, naye akakaa," ulikuwa unasema, na kila mara ulicheka wewe kabla yetu. Akaja Redio. Huyo alishinda kwa kura chache mno, mahakama ikasema turudie, na tuliporudia alishinda kwa nyingi, maana watu walikasirika kutolewa shambani mara mbili wakati wa palizi. Miaka hiyo yote alikuwepo Saa, yule mama muuguzi wa zahanati, aliyegombea mara tatu na kushindwa mara tatu. Wewe ulimpigia zote tatu. Ulisema mtu aliyeshindwa mara tatu na bado anakusalimia sokoni, huyo ndiye wa kuchagua.

Mwende aliandika mpaka kalamu ikakata wino. "Huyu muuguzi kwangu hayupo kabisa," alisema. Kitabu chake kina washindi peke yao. Nilijisikia vizuri, Baba. Mimi mbeba matofali nikamsomesha mtu wa chuo kikuu, na sauti niliyokuwa nikisikia mdomoni mwangu ilikuwa yako. Hata kule kukohoa kidogo kabla ya kumtaja Redio.

Halafu akauliza mwenyekiti wa kijiji tunamchaguaje. Nikamweleza: hakuna karatasi. Wagombea wanasimama uwanjani, kila mtu anakwenda kusimama nyuma ya anayemtaka, na msimamizi anapita akihesabu vichwa.

"Wee! Wazi hivyo? Na jirani akikuona?"

"Anakuona. Na wewe unamwona."

"Na wewe ulisimama nyuma ya nani?"

Nikamwambia muda wa chakula umekwisha. Nikabeba tofali.

Wewe unajua nilisimama wapi. Ulikuwa umegombea kwa mara yako ya kwanza na ya mwisho, umevaa koti lako la jeshi lisilo na vifungo, na watu wakikuita Afande, nusu kwa heshima, nusu kwa mzaha. Mpinzani wako alikuwa yule mwenye lori. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, na yeye alikuwa ameniambia wiki hiyo kwamba lori lake lina nafasi ya kijana mmoja mwenye nguvu mpaka Kampala. Hakuniambia nifanye nini. Hakuhitaji. Nilipita mbele yako nikitazama chini, nikaenda kwenye mstari wake. Uligeuka. Najua uliniona, maana ulirekebisha koti.

Ulishindwa kwa watu wawili. Mtu mmoja tu angehama mstari ule kuja wako, mngelingana. Nimebeba mizigo mingi katika mji huu, na hiyo hesabu sijawahi kuitua.

Kilichonimaliza si siku ile. Ni Krismasi ile niliyorudi na godoro na redio ndogo, wageni wakakuomba uwasimulie uchaguzi wako. Nikajua sasa ndipo utanitaja. Ukasema, "Jua lilikuwa kali, watu wangu wawili wakaenda kunywa maji." Wote wakacheka. Ukanisogezea bakuli la nyama. Nilikula, Baba. Nilidhani tuna miaka mingi mbele ya kuyazungumza.

Sasa mambo ya nyumbani. Tangu uondoke jimbo limekatwa mara nyingine, na safari hii mpaka umepita kwenye barabara. Unakumbuka nyumba ilivyohamishiwa ng'ambo barabara ilipopanuliwa? Basi nyumba iko jimbo moja na kaburi lako liko jingine. Kijiji nacho kimekuwa viwili. Mama akienda kufagia kaburini anasema anakwenda ugenini. Anacheka akisema hivyo, lakini mara ya kwanza alilia.

Na kijiji hicho kipya cha upande wa nyumba kinatafuta mwenyekiti. Anayegombea ni Ayikoru wako. Ndiyo, yule kitinda mimba uliyesema mdomo wake utamkosesha mume. Mume amepata, mdomo bado upo. Mpinzani wake ni mtoto wa yule mwenye lori. Aliponipigia simu nilidhani kuna msiba.

"Kaka," akasema, "jina lako bado liko kwenye daftari la kijiji. Mama alikataa lifutwe. Uchaguzi ni wiki ijayo. Uje usimame nyuma yangu. Na safari hii angalia vizuri, mimi ndiye mwenye gauni."

Kumbe anajua. Sijui ni nani alimwambia. Labda kijiji kizima kilijua, ukabaki wewe peke yako ukiwasimulia habari za jua.

Nimeomba ruhusa ya siku nne. Msimamizi wetu amesema niende tu, ila nikirudi nisishangae kukuta mtu mwingine kwenye ngazi yangu. Wanaotafuta kazi wanalala pale getini. Na mgongo huu, kwa mtu asiyenijua, haununuliki tena. Nimewaza siku mbili, sikukufanya uwe sababu, nikajiuliza tu nikibaki nitajenga ukuta huu kwa uso gani.

Nakwenda, Baba. Basi linaondoka Ijumaa asubuhi. Nitafika mapema kabla uwanja haujajaa, nitasimama nyuma ya Ayikoru, wa kwanza, ili kila anayekuja anione. Hata tukiwa mimi na Mama tu. Jua likiwa kali sitakwenda kunywa maji. Akishinda au akishindwa, nitavuka barabara nije huko ugenini kwako nikuambie kwa mdomo wangu mwenyewe kile ulichokuwa ukinifichia.

Pumzika, Afande.

Mwanao