Kiondo cha Pembe Nne

Lisbon, Ureno

Mwaitu,

Pokea salamu zangu, mama, kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo. Habari hii ni ndefu kwa simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Marta, yule dizaina aliyenialika tufanye kazi pamoja, alinipa mchoro wa kiondo chenye kitako cha pembe nne. Nikamwambia, "Sisi huanza na duara." Akasema mnunuzi anataka pembe, na anakuja Ijumaa. Nilijaribu mara tatu, na kila mara kilijikunja kama jani kavu. Mwishowe Marta akachukua makasi na gundi, eti arekebishe.

"Ukikata uzi mmoja, chote kitafumuka," nikasema.

Akakata. Kikafumuka pale mezani, sote tukikitazama. Mwaitu, nilikasirika hadi chai ikanishinda.

Nilijua sasa nitarudishwa nyumbani. Kumbe Marta alivuta kiti, akaketi kando yangu. "Nifundishe kusokota," akasema. Nikampa katani, akakunja suruali, akaanza kusokotea pajani kama sisi. Kufikia saa sita paja lilikuwa jekundu kama nyanya, na uzi wake mafundo matupu! Tulicheka hadi machozi. Lakini baada ya kuushika ule uzi alielewa kwa nini ulikataa kukunjwa pembe kitakoni. Akafuta mchoro, akauliza, "Tukianza na duara, pembe haziwezi kutokea tukipanda juu?"

Hilo sikuwahi kuliwaza. Tukaongeza nyuzi mahali panne, tukasuka kwa zamu siku tatu.

Ijumaa mnunuzi alikigeuza huku na huku, akauliza ni kazi ya nani. Marta akajibu, "Yetu sisi wawili, na ya mama yake aliyemfundisha." Mwaitu, ameagiza vingine, na vitasukwa huko Kalamba na kikundi chenu cha akina mama!

Nisalimie dada Mumbua anayenilelea Mwende. Mwambie mwanangu koti nililomnunulia lina mifuko miwili. Msalimie pia mama mchungaji, asante kwa maombi.

Tunakuja na Marta mwezi wa nane, akae nanyi wiki mbili. Marta hali nyama kabisa. Tafadhali mweleze baba polepole, asimchinje mbuzi wake, muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe utatosha. Akibisha, mwambie ni mimi nimesema.

Binti yako akupendaye,
Kalondu