Kumfuata Radko

Jumatatu, 6 Novemba
Mume wangu Metodi amelazwa. Operesheni ya moyo ni Alhamisi. Wodini wageni hawaruhusiwi, kuna mafua. Nyumba kimya, nasikia friji tu. Jioni kapiga simu, na badala ya kuniuliza hali kaniuliza habari za Radko! Radko ni mwanaanga wake wa kwenye kompyuta, wa ule mchezo wa roketi aliouanza kiangazi. Mafuta yamemwishia, anaizunguka Dunia tu, hawezi kushuka. Eti nirushe chombo kingine kikamchukue. Mimi, ambaye hata kuuwasha sijui. "Utaweza, bibie. Umeongoza treni miaka thelathini." Habari za moyo hakuzigusa.

Jumanne, 7 Novemba
Roketi nne zimeanguka. Moja ililala ubavu kabla hata ya kuondoka. Nilikuwa nazipeleka juu moja kwa moja. Metodi kwenye simu akacheka mpaka akakohoa, nesi akamkaripia. Kumbe unailaza kidogo kidogo — mwendo wa pembeni ndio unaoizuia isianguke. Jirani yangu Ginka kaja na supu ya maharage, kanikuta najiandaa kurusha ya tano. Akamwaga glasi ya maji sakafuni mbele ya meza, kama tunavyowamwagia wasafiri, safari iwe njema.
"Ginka, kuna nyaya hapo."
"Zitakauka. Rusha."
Ikafika juu, haikuanguka! Nimepiga deki huku natabasamu.

Jumatano, 8 Novemba
Nukta ya Radko naiona kwenye kioo, mbele yangu. Nikaongeza mwendo ili nimfikie. Ikawa mbali. Nikaongeza tena — mbali zaidi. Nimelia kwa hasira, mjinga mimi. Metodi: "Huko si relini, Stanka. Ukikaza mwendo unapanda juu, njia inakuwa ndefu, unachelewa. Punguza. Utashuka kidogo, utampata." Miaka yote yeye alikuwa chini anaunganisha mabehewa, mimi juu kwenye chumba cha kuongozea treni, namwamuru kwa redio. Leo ananiamuru yeye, na sauti imechoka. Nikamwuliza, unaogopa? Jibu lake: "Ukimfikia, unganisha tu. Usimshushe. Nataka kumshusha mwenyewe." Nampenda sana mzee huyu. Nikajibu tu, sawa.

Alhamisi, 9 Novemba
Wamemwingiza saa mbili asubuhi. Walisema masaa manne, saa sita watapiga.

Mita mia mbili. Hamsini. Polepole, polepole. Mita tatu — vimeshikana! Nimepiga kelele peke yangu jikoni.

Saa saba. Hawajapiga. Ginka amekuja, anamenya pilipili hoho zilizochomwa, hata umbea hana leo. Anatazama kioo cha kompyuta.
"Mshushe maskini, uimalize kazi."
Nimemwambia hapana. Mwenyewe amesema atamshusha.

Saa nane kasoro robo. Nimewapigia mara mbili, simu inatumika. Vile vyombo viwili vimeingia upande wa giza, vimetoka, vimeingia tena. Mafuta yapo ya kutosha, nimehakikisha. Nimeondoa mikono mezani nisije nikagusa kitu.