Kuku Aliyelala Njia Nzima

Dada Zuhura, shikamoo.

Uliapa kuwa pikipiki yangu hataipanda mtu mwenye akili zake. Basi leo nimetoka Kilifi kutembea tu, msitu mkono wa kushoto, hewa imetakata baada ya mvua. Nikasimama Gede kunywa dafu. Bibi mmoja wa Kigiriama, kuku kwapani, akanipandia nyuma.

"Nipeleke nyumbani Barani, na usikimbize."

Kanidhania bodaboda. Nikampeleka. Tulipofika nikavua helmeti, akauona mtandio wangu.

"Kumbe mwanamke? Ndiyo maana kuku wangu amelala."

Helmeti ya pili nimeshanunua, ya kipimo chako. Mola akupe afya, na Jumamosi ndani ya buibui uvae suruali.

Mdogo wako,
Mwanaisha