Foto za Kumalizia Filimu

Mpendwa Yaya, dada yangu mkubwa,

Skana yako inafanya kazi. Najua ungependa nianze na salamu za Maman na habari za nyumbani Giheke, lakini habari yenyewe ni hiyo, na nyingine zote zimetoka ndani yake.

Unaikumbuka siku uliyoileta? Ulivuka nayo mpaka kutoka Bukavu umeikumbatia kifuani, umeizungushia kitenge. Yule mpiga picha wa ng'ambo aliyekuuzia alikuwa anafunga studio yake, maana labo za kusafisha filimu zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine, na kila mtu alishaanza kujipiga foto kwa simu. Maman alikuuliza, "Na hii ni kintu gani tena?" Ukamweleza kwamba ni mashine ya kusoma negatifu na kuzitia ndani ya kompyuta, na kwamba siku moja utazitia zote. Kompyuta hatukuwa nayo. Ulicheka wewe mwenyewe. Kisha ukaugua, na baada ya mazishi yako skana ikabaki juu ya kabati pamoja na makopo ya negatifu. Ule mchele uliouweka ndani ya makopo ili unyonye unyevu uligeuka manjano, lakini ulifanya kazi yake.

Sasa nina kibanda changu hapa Kamembe, kwenye njia ya kwenda Gihundwe. Natoa fotokopi, nachapia watu barua, napiga foto za pasipoti. Asubuhi moja ya mvua aliingia mama mmoja, kitambaa kichwani, viatu amevishika mkononi kwa ajili ya matope. Alikuwa ametoka Bweyeye.

"Minatafuta Madame Foto," akasema. "Banasema njo hapa."

Ni muda mrefu sijasikia mtu akikuita hivyo. Nikamwambia, "Alishaka kufa, maman. Miye niko mudogo wake."

Alitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia, akaketi. "Mwihangane," akanipa pole. "Alikuwa analala kwangu, wakati batoto ba kule banapata komunyo. Gari ilikuwa inamuacha njiani, anamalizia na miguu. Anafika na matope mpaka hapa, lakini ile aparei yake ya foto iko kavu."

Jina lake ni Maman Vestine. Mvua za mwaka huu zilimbomolea ukuta wa nyumba, na foto zote alizokuwa nazo zikageuka uji. Mume wake alishafariki. Katika maisha yake yote alipigwa foto moja tu ya maana, ile uliyompiga siku ya komunyo ya binti yao, akiwa amevaa koti la kuazima. Maman Vestine alikuja kuuliza kama Madame Foto anaweza kuitoa tena.

"Bajukulu bananiuliza babu yabo alikuwa anafanana na nani," akasema. "Minababambia tu. Lakini muntu hawezi kuona uso kwa masikio."

Nilimweleza ukweli. Negatifu zipo, labo hakuna tena. Kuna mashine, na sijui kama ni nzima. Akasema nijaribu tu, hata ikishindikana hatanilaumu. Aliondoka na viatu vyake mkononi. Nikabaki nimeshika namba yake ya simu, nikiwaza jinsi ulivyokuwa ukitoka nyumbani Ijumaa na mfuko wako mgongoni, ukisema unakwenda Bweyeye kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Hukuwahi kutuambia habari ya gari kukuacha njiani.

Basi nikaishusha skana, nikaifuta, nikaichomeka kwenye laptopu ya kibandani. Taa ndogo ikawaka. Nilifurahi mapema mno, kwa sababu kompyuta iliandika kwamba haikitambui kifaa hicho. Diski iliyokuja na skana haikuwa na pa kuingia, laptopu za siku hizi hazina tena mdomo wa diski. Nikaitafuta programu yake mtandaoni, nikaipata, nayo ikakataliwa: ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za wakati ule, na yangu haipokei programu isiyo na saini inayoiamini. Kila mteja akiingia nilikuwa nachomoa waya, namtolea fotokopi yake, narudi kujaribu.

Aliyeniokoa ni mtu ambaye sitamjua kamwe. Kwenye ukurasa mmoja wa Kifaransa ambako watu wanasaidiana juu ya mashine za zamani, alikuwa amekutana na shida hiyohiyo na skana hiyohiyo, akaeleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Unafungua faili moja la ile programu, unabadilisha mistari michache, halafu unaiwasha kompyuta upya kwa namna ambayo haitauliza saini. Chini yake watu walikuwa wamemshukuru. Mmoja alisema ameona harusi ya wazazi wake. Niliogopa sana, Yaya. Laptopu hiyo ndiyo inayotulisha, mimi na Maman, na ingekataa kuwaka sijui ningefanya nini. Nilifanya ishara ya msalaba, nikafuata maneno yake mstari kwa mstari. Ilipowaka tena, jina la skana lilikuwa pale kwenye skrini, limeandikwa vizuri.

Hapo nilidhani nimemaliza. Nilipoingiza negatifu ya kwanza, mashine ikasaga meno, ikakwama. Nikaifungua kwa bisibisi. Grisi ya ndani ilikuwa imekauka, ngumu kama sabuni ya zamani. Nikaisafisha kwa spiriti, nikaweka tone la mafuta ya cherehani ya Maman. Ikatembea. Lakini picha ikaja na ukungu, na ikabidi niifungue tena. Kumbe kile kioo kidogo cha ndani kilikuwa na vumbi. Nikakifuta kwa kitambaa cha miwani, nimebana pumzi.

Kisha nikatafuta bahasha uliyoandika "Bweyeye, komunyo". Kwanza watoto walikuja kinyume, nguo za komunyo nyeusi na nyuso nyeupe. Nikabofya pa kugeuza, na nguo zikawa nyeupe. Walikuwa wamepanga mstari mbele ya kanisa, mishumaa mkononi, nyuma yao msitu wa Nyungwe. Na kando ya binti mmoja alisimama mwanamume mrefu, mikono ya koti imekuwa mifupi kwake, anajaribu kutocheka.

Nilimpigia Maman Vestine palepale. Nikamwambia mumewe amepatikana. Nilisikia tu kuku wa nyumbani kwake.

Nikauacha ukanda wa filimu uendelee, na baada ya watoto wa Bweyeye akatokea Maman. Maman wetu. Ameinama juu ya beseni la sambaza, vile visamaki vya ziwani, anaziosha, mkono mmoja ameuinua kukuzuia usimpige. Na baada yake mimi, na yunifomu ya shule, jino la mbele halipo.

Nilikuwa nimesahau. Ulikuwa ukirudi kutoka harusini au komunyoni, kwenye aparei zimebaki foto mbili tatu, na huwezi kuipeleka filimu labo ikiwa haijaisha. Unaita kutoka mlangoni, "Mukuye, tumalize filimu." Mimi nakimbilia mbele. Maman analalamika kwamba hajajifunga hata kitambaa. Ukishapiga, unairudisha filimu ndani ya kikebe chake, kesho unavuka nayo kwenda Bukavu. Kule labo ulikuwa unatolesha foto za wateja tu, zetu hapana. Nilikuuliza mara nyingi, "Na foto yetu iko wapi?" Ulinijibu, "Iko mu negatifu. Itatungoya."

Nilifungua bahasha zote. Harusi ya watu wa Gihundwe, na mwishoni Maman anasuka nywele za jirani. Ubatizo, na mwishoni yule mbuzi wetu aliyekuwa anakula nguo. Mahafali ya watu nisiowajua, na mwishoni mimi nimelala juu ya daftari. Karibu kila filimu ina sisi kwenye mkia wake. Watu walikulipa uwapige wao, na mabaki yake ukatupatia sisi.

Na kuna moja yako. Nadhani ulinipa aparei ukaniambia nibonyeze, maana imepinda na nimekata nusu ya mlango. Umesimama na ile robe, gauni lako la bluu, mfuko bado begani, mkono umeuinua kunionyesha niinue aparei zaidi. Siku ya mazishi tulikuwa na ile ya kitambulisho tu, tuliyoikuza mpaka ikakosa macho. Hii ina macho.

Jumapili nilipeleka laptopu Giheke. Maman alizitazama zote, ameshika kidevu. Alipofika kwako akasogea karibu na skrini.

"Ile robe niliishona miye," akasema. "Hakutaka mikono mirefu. Alisema inamuzuia kufanya kazi."

Nikangoja alie. Badala yake akaanza kunisimulia siku uliyotumbukia mtaroni mbele ya maharusi, ukaibuka umeinua aparei juu ya kichwa, ukawaambia wasisogee maana mwanga bado ni mzuri. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. Tangu utuache alikuwa akilitaja jina lako katika sala tu. Sasa anakutaja akipika, akipalilia maharagwe, akigombana na mbuzi. Anasema, "Yaya yako angeona hii."

Nakushukuru, Yaya. Kwa skana uliyoinunua wakati hatuna pa kuichomeka. Kwa mchele ule. Kwa kunipiga nikiwa na pengo la jino wakati hakuna aliyeona sababu.

Maman Vestine alikuja Ijumaa. Nilikuwa nimemtolea foto ya mumewe kwenye karatasi nzuri, na ndogo nyingine kwa ajili ya wajukuu. Aliishika kwa ncha za vidole, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akasimama pale muda mrefu, watu wakipita nyuma yake na miavuli. Aliporudi ndani alinishika mikono yote miwili.

"Wewe nimekushukuru," akasema. "Na yeye, aksanti yake nitaipeleka wapi?"

Nikamwambia aniachie mimi, nitakuandikia.

Pumzika vizuri, Yaya.

Mimi, mudogo wako