Juisi kwenye Kikombe cha Bibi

Kaka, kwa masikitiko makubwa nakujulisha kwamba mimi ni mtu mbaya. Usicheke.

Unamjua bibi na kisukari chake. Mama aliamuru anywe maji matupu wakati wa chakula. Bibi akaninong'oneza, "Mume wangu, chakula hakishuki." Basi nikawa namjazia juisi ya nanasi kwenye kikombe chake cha bati chenye mfuniko. Ujanja wetu wa bwenini, kaka. Nikajiona shujaa.

Sukari ikapanda. Mama akampunguzia wali. Ikapanda tena, akapunguza tena, mpaka sahani ya bibi ikawa kama ya paka. Bibi anakonda, na mimi namimina tu.

Leo ameanguka mezani.

Hospitalini, daktari akauliza, "Huwa anakunywa nini wakati wa chakula?" Mama akajibu, "Maji tu." Daktari akamgeukia bibi mwenyewe. Bibi akanitazama mimi, akasema, "Maji."

Kaka, alisema maji! Pumzi yenyewe hana, na bado ananificha.

Daktari akashika kalamu amwongezee dozi ya dawa. Hapo nikasema. Nikasema yote, vikombe viwili kila mlo, tangu likizo ianze.

Mama hakunipiga. Heri angenipiga.

Bibi ndiye aliyenimaliza. Aligeukia ukutani, akasema taratibu, "Siku nzima nilikuwa nangojea kile kikombe tu."

Nimekaa pembeni ya kitanda saa nzima sasa. Hajageuka.