Amani Niliyoipata Kortini

Wanjiru mjukuu wangu,

Ng'ombe amezaa, na cucu, bibi yako, anakusalimu. Unauliza kama hakika ya moyoni inatosha kumhukumu mtu.

Miaka ya tisini nilikuwa mmoja wa wazee watatu waliomshauri jaji katika kesi ya mauaji. Shahidi, mzee wa kanisa letu, aliapa kwamba alimwona mshtakiwa akikimbia, ng'ambo ya shamba la kahawa. Mshtakiwa hakutuangalia usoni, nikamshuku. Niliomba, nikapata amani, nikasema ana hatia. Akafungwa.

Jumapili moja baadaye, shahidi huyo alinipita mlangoni mwa kanisa. Macho yake hayakunitambua mpaka aliposikia sauti yangu.

Nilimweleza karani wa korti. Akasema, "Mzee, hiyo maneno iliisha."

Bado naomba kila siku. Lakini amani ile ikija, naishuku.

Guka wako