Nusu Mbili za Gogo la Hikori

Stilwell, Oklahoma
Agosti 18, 1957

Kwako Kaka Levi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tulsa, na kwamba kile kikohozi cha moshi wa kiwanda kimekuachia. Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu sana. Juzi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Baba, alitwanga njugu za hikori akapika supu ya kanuchi. Alitenga bakuli tatu mezani, halafu akairudisha moja kabatini.

Uliandika kwamba utakuja kwenye mashindano ya kulenga mabua ya mahindi kwa mishale, Jumamosi ya kwanza ya Septemba, na kwamba utapiga kwa upinde wa mwisho wa Baba. Habari zimeenea. Mjomba Jess amewatangazia watu wote kanisani, na wazee wameamua mshale wa kwanza siku hiyo uwe wako, kwa heshima ya marehemu. Kwa hiyo imenilazimu nikueleze habari za upinde huo. Niruhusu niende polepole.

Unaukumbuka mti wenyewe, ule wa hikori pale kijitoni tuliokuwa tukiokota njugu zake. Baba alilipasua gogo kwa kabari, akaligeuza huku na huku mpaka nusu mbili zikaachana zenyewe. Zilikaa juu ya jiko misimu miwili ya baridi zikikauka. Penye mshikio wa kila nusu aliandika jina kwa penseli: moja Levi, moja Ollie. Yako aliianza, akachonga upande wa tumbo, ule unaomwelekea mpigaji, mpaka mikono ya upinde ikaanza kupinda. Yangu hakuigusa tena.

Mwezi wa Mei nilikitwaa kisu chake cha mipini miwili nikakaa kwenye kigoda chake nimalizie yako. Mjomba alinikuta hapo akaanza maneno yake. "We binti, unachonga upinde au unamenya viazi? Baba yako Watt akiyaona maganda haya atafufuka akunyang'anye kisu!" Nikamwambia afufuke basi, kisu chake kiko hapa.

Unajua Baba alivyokuwa akisema kuhusu mgongo wa upinde, ule upande wa nje. Ukishatoa gome la mti, chuma kisiguse hapo tena. Ule utando wa mwisho wa mti ndio unaobeba mvuto wote. Kukiwa na kinundu, kiache kama kilivyo. Nilipokuwa mdogo alinishika kidole akakipitisha juu ya kinundu kimoja, akasema hapo mti ulikuwa unafikiri.

Jumapili iliyopita Mjomba alikuja kuujaribu. Alitia ugwe, akasimama uani, akaanza kuvuta. Mama alikuwa mlangoni. Mimi nilifumba macho, kwa sababu ambayo hawakuijua. Nilihesabu pumzi zangu. Nilipofumbua, mkono wake ulikuwa umefika shavuni na upinde umepinda sawasawa juu na chini, kimya kabisa. Aliuachia taratibu, akatoa kofia. "Huu ni mkono wa Watt," akasema. "Ningeujua hata gizani." Mama akalia. Nami nikaupokea upinde, nikauning'iniza ukutani.

Kaka, huo si upinde wa Baba.

Upinde wako ulikuwa na kinundu mgongoni, juu kidogo ya mshikio, ukubwa wa punje ya haragwe. Nilikuwaza umesimama mbele za watu na upinde wenye chunusi. Nikataka upendeze. Nikakisawazisha kwa kisu, mara mbili tu. Siku ya tatu ya Juni niliuvuta kwa kamba bandani, na kabla haujafika nusu nikasikia mlio mdogo, kama barafu nyembamba inapokanyagwa. Ningepaswa kuacha pale pale. Nikavuta. Ulivunjika mahali hapo hapo, na kibanzi kikanichana shavu. Nilimwambia Mama ni waya wa ua.

Alioujaribu Mjomba ni ile nusu yangu. Nimeuchonga mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho, na vinundu vyake vyote nimeviacha. Baba aliupasua tu. Jina langu liko chini ya ngozi ya mshikio. Sikuwa na moyo wa kulifuta.

Leo baada ya chakula nitamwambia Mama, kisha nitatembea hadi kwa Mjomba. Nimetaka nikuandikie wewe kwanza, usije ukasimama pale uwanjani ukamshukuru Baba kwa kazi ambayo hakuifanya. Ukikataa kuupiga, sitakulaumu. Ukikubali, nitasimama kule kwenye mabua nikuhesabie utakayotoboa, kama nilivyokuwa nikimhesabia yeye.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kipande cha katikati cha upinde uliovunjika. Nimekifunga kwa leso ya Baba. Jina lako bado linasomeka, na ukikishika utaona mahali dole gumba lake lilipoacha alama akichonga.

Mama anasema uje na soksi zako zilizotoboka. Wasalimu wote wanaotuulizia huko.

Mdogo wako,
Ollie